Mpiga besi wa Mwanza: gitaa, mkoba na maisha ya bendi

Ukienda kupiga kwenye ukumbi wowote hapa Mwanza, usitarajie kukuta amplifaya ya besi jukwaani. Utakuta spika mbili kubwa, mikisa, maiki kadhaa, pengine amplifaya ndogo ya gitaa la solo, na waya mmoja umelala sakafuni. Kuanzia Kirumba hadi Igoma, kwenye sendofu, kanisani au baa yenye bendi ya wikendi, hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo mpiga besi wa huku abebe sauti yake mwenyewe mkobani, ili popote atakapochomeka itoke besi ile ile. Hela yako ya kwanza iende huko, gitaa la jina kubwa lisubiri.

Naandika kwa mtu mwenye kazi nyingine mchana, na bendi au kwaya jioni. Fuata hatua kwa mpangilio huu, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

1. Gitaa: lishike, lisikilize, ndipo utoe hela

Nyuzi nne zinakutosha: E, A, D na G, kutoka nene kwenda nyembamba. E ukiupiga wazi unatetema mara 41 hivi kwa sekunde. Gitaa la nyuzi tano linaongeza B, ya mara 31. Ni noti tamu kwenye nyimbo za injili, lakini spika za kawaida za kukodi zinahangaika kuitoa. Utaihisi vidoleni na watu hawataisikia.

Kampuni ya magitaa ya Fender ilitoa Precision Bass mwaka 1951 na Jazz Bass mwaka 1960, na magitaa mengi ya bei nafuu yaliyopo sokoni yamefuata maumbo hayo mawili. Hiyo ni habari njema kwako, kwa sababu vipuri vyake si adimu. Mimi humshauri anayeanza achukue umbo la Precision: kitufe kimoja cha sauti, kimoja cha toni, basi. Vya kuharibika ni vichache, na sauti yake inakaa vizuri katikati ya tumba na kinanda. Jazz ina shingo nyembamba kule juu, mwenye vidole vifupi ataipenda zaidi. Kwa mtoto, au mtu mwenye mwili mdogo sana, ulizia gitaa la uzi wa inchi 30 badala ya 34 za kawaida.

Kuna magitaa yenye betri ya volti 9 ndani. Ni mazuri, ila betri inaliwa muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi. Ukilala nalo limechomekwa, Jumapili asubuhi utakuta besi inakoroma.

Ukinunua la mtumba, anza na shingo. Weka jicho kwenye kichwa cha gitaa, tazama kuelekea kwenye daraja, pale chini nyuzi zinapofungiwa. Kupinda kidogo kwenda mbele ni kawaida na kunarekebishika. Shingo iliyojisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, achana nayo hata kama bei inavutia. Kisha piga kila freti (vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo) ya kila uzi, moja baada ya nyingine, usiruke hata moja. Muuzaji mwenye nia njema atakuvumilia. Noti inayokufa ghafla au kukoroma ina maana freti inayofuata imeinuka, au hiyo uliyobonyeza imeliwa. Mwisho, zungusha vitufe vyote na utikise jeki. Mkwaruzo ni vumbi, na sauti inayokatika ni tundu la jeki lililolegea. Hayo mawili fundi redio yeyote anayamaliza kwa dawa ya kusafishia na kulehemu kidogo. Yasikukimbize, yatumie kuomba punguzo.

2. Lirekebishe kabla ya kulilaumu

Vijana wengi wanaacha besi kwa sababu vidole vinauma, kumbe nyuzi zimekaa juu mno. Kurekebisha gitaa kunabadilisha chombo cha bei ya chini kuliko kununua kingine, na kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe mezani.

Tyuni kwanza. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine. Sasa uzi umenyooka kama rula. Mwombe mtu apitishe vocha ya kukwangua kati ya uzi na freti ya 8. Ikipita kwa kugusa kidogo, shingo iko sawa. Nafasi ikiwa kubwa kuliko hapo, kaza nondo ya ndani ya shingo kwa kuizungusha kulia kwa ufunguo wake, ambao mafundi pikipiki wanauita alenki. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza kushoto. Robo mzunguko tu kila mara, tyuni upya, pima tena. Ukihisi inagoma, acha mara moja umpelekee mwenye uzoefu, maana nondo ikikatika shingo imekwisha.

Baada ya shingo, shusha nyuzi kwenye daraja. Ukipima juu ya freti ya 12, milimita 2.5 kwa uzi wa E na 2 kwa G ni mahali pazuri pa kuanzia. Zikigonga freti, pandisha kidogo.

Kisha hakikisha noti za juu hazidanganyi. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, utasikia mlio kama wa kengele. Halafu bonyeza pale pale upige. Tyuna inatakiwa isome sawa mara zote mbili. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kitako cha uzi, yaani kile kipande cha daraja unachokalia, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi zote nne.

Mbao zinasikia hali ya hewa. Mvua za Oktoba na Novemba zikianza, shingo inaweza kusogea; kiangazi cha Juni hadi Agosti nacho kinaikausha mpaka ncha za freti zikakukwaruza kiganja. Rudia kipimo cha vocha kila msimu unapogeuka.

3. Nyuzi

Seti ya 45 hadi 105 inafaa magitaa mengi ya nyuzi nne; namba hizo ni unene kwa sehemu ya elfu ya inchi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana jasho ndilo linaloua sauti. Zikishakuwa butu na hela ya seti mpya haipo, zitoe, zichemshe kwa dakika 10 hivi kwenye sufuria isiyopikiwa chakula, zifute, zianike zikauke kabisa, ndipo uzirudishe. Maji moto yanatoa mafuta na uchafu uliojificha kwenye mizunguko, na mng'ao unarudi kwa muda. Usirudie mara nyingi kwa seti moja. Zinachoka na kukatika.

4. Mkoba wa besi

Ndani ya mkoba kuwe na waya mbili za jeki za mita 5 au 6, moja ya kupigia na moja ya akiba. Tyuna ya kubana kwenye kichwa cha gitaa, kwa sababu ile ya simu inachanganyikiwa ukumbi ukishaanza kelele. Uzi wa akiba, tepu, tochi, kitambaa, betri ya volti 9 kama gitaa lako linaihitaji. Mkanda mpana, maana besi ni nzito na shoo za harusi zinaenda hadi usiku wa manane. Na vizibo vya masikio. Watafiti wa afya kazini wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Simama karibu na matoazi ya dramu katika chumba cha mazoezi chenye mabati juu, utaelewa kwa nini nasisitiza.

Kitu cha maana kuliko vyote humo ni kile kiboksi ambacho mafundi mitambo wanakiita DI. Kazi yake ni kuchukua sauti dhaifu ya gitaa na kuigeuza iwe ya aina ambayo mikisa inapenda, ili isafiri kwa waya wa maiki mita 20 au 30 bila kuchafuka. Ukichomeka besi moja kwa moja kwenye mikisa kwa waya mrefu wa jeki, sauti inatoka nyembamba na inavuma. Kuna DI isiyotumia umeme, ngumu na ya bei nafuu, inayoenda vizuri na gitaa lenye betri. Kwa gitaa lisilo na betri, ile inayotumia umeme inalinda sauti vizuri zaidi. Kama hela ni ya moja tu na bado hujui utabaki na gitaa gani, nunua inayokubali betri na pia umeme wa mikisa. Weka waya wako mwenyewe wa maiki pembeni yake.

Pedali za madoido zisubiri.

5. Ukifika ukumbini

Anza na umeme, kabla hata ya kufungua begi. Tumezoea kuona waya mbili zimechomekwa kwenye soketi kwa kijiti, bila plagi wala waya wa ethi. Mpiga besi ameshika vyuma mkononi, na akiimba, mdomo unagusa chuma cha maiki. Hata chombo kimoja kikiwa na hitilafu, umeme unaweza kupita kwake. Beba tesita ya fundi umeme, iguse kwenye nyuzi na kwenye wavu wa maiki. Ikiwaka, usipige mpaka parekebishwe, hata kama bibi harusi ameshafika mlangoni. Na besi ikivuma, usikubali mtu akate ethi ya plagi ili kuondoa mvumo. Bonyeza swichi ya kutenganisha ethi iliyoko kwenye DI, kazi hiyo hiyo itafanyika kwa usalama.

Halafu msalimie fundi mitambo. Yeye ndiye ameishika sauti yako usiku mzima, na salamu ya dakika moja inafungua mengi.

"Habari za kazi, kaka. Mimi ni wa besi. Naomba chaneli moja, nina DI na waya wa maiki."

"Karibu mwanangu, chomeka namba saba."

"Asante. Kile kitufe cha kukata besi kwenye saba kimezimwa?"

Swali hilo la mwisho usilisahau. Mikisa nyingi zina kitufe cha kukata sauti za chini, chenye namba kama 75, 80 au 100 pembeni. Kimewekwa kwa ajili ya maiki za waimbaji, na mara nyingi kinabaki kimebonyezwa. Sasa hesabu: E wazi ni mtetemo wa 41, A ni 55, D ni 73, G ni 98. Kitufe cha 100 kikiwa kimebonyezwa, msingi wa nyuzi zako zote nne uko chini ya mstari wa kukatwa. Wapo wapiga besi wanaomaliza usiku mzima wakiongeza sauti bila kupata uzito, na shida ilikuwa kitufe hicho kimoja.

Wakati wa kujaribu sauti, piga kwa nguvu ile ile utakayopiga sebene likikolea, fundi aweke kiwango hapo. Ukijaribu kwa upole, taa nyekundu zitawaka wimbo wa pili na atakushusha hadi upotee. Kama hupati monita, yaani spika ya kujisikia jukwaani, simama upande wa dramu ya mguu. Hata usipojisikia vizuri, utakuwa na mapigo ya kushikilia.

6. Nyumbani na mazoezini

Simu haitoi besi kwa spika yake ndogo, kwa hiyo nyimbo unazojifunza zisikilize kwa hedfoni. Sabufa ya sebuleni inaweza kukusaidia, lakini ipitie kwanza mikisa ndogo au DI yenye umeme, na sauti iwe ya chini. Kupiga uzi kwa nguvu kunarusha koni ya spika mbali kuliko muziki wa redio. Amplifaya ya gitaa la solo nayo ni hivyo hivyo: kwa sauti ya chumbani haina tatizo, ukiipandisha ishindane na dramu unaipasua.

Bendi ikitaka kununua amplifaya ya besi kwa ajili ya mazoezi na dramu halisi, msishuke chini ya wati 150 mkajidanganya. Angalieni pia omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, nyuma ya spika. Spika mbili za omu 8 zikiungwa pamoja kwa kawaida zinakuwa omu 4. Amplifaya iliyoandikwa kwamba isishuke chini ya omu 4 isiongezewe spika ya tatu.

7. Kupiga na wenzako

Besi inakaa na mguu wa dramu. Kaeni wawili tu, mpiga dramu na wewe, hata robo saa kabla ya wengine kufika, mpige mzunguko mmoja bila pambo mpaka mguu na noti yako viangukie mahali pamoja. Bendi iliyozoea hivyo inasikika kubwa hata kwenye spika mbovu. Na nenda Bujora kule Kisesa siku za Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, mwezi Juni, uangalie Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili pinzani vya ngoma, wakishindana. Angalia ngoma nzito inavyowashika wachezaji miguu huku ikiacha nafasi ya uimbaji. Hakuna darasa bora zaidi la kujua lini unyamaze.

Kwenye dansi, wakati wa maneno piga kidogo, muache mwimbaji apite; chemko likianza ndipo unatembea. Benga inataka kinyume chake, besi inalijibu gitaa la solo karibu kila mstari. Huku ziwani benga ni ya nyumbani: D. O. Misiani wa Shirati Jazz alizaliwa mwaka 1940 kule Shirati, mkoa wa Mara. Ukipigia watu wa kutoka Musoma au Tarime, uwe na pigo hilo mkononi.

Kwaya zina mambo mawili ya peke yake. La kwanza ni jema: waimbaji wanajua solfa. Mwalimu akisema "do ni G", noti zako za msingi ni d, f na s (do, fa na so), yaani G, C na D. Kwenye gitaa hiyo ni freti ya 3 uzi wa E, freti ya 3 uzi wa A, na freti ya 5 uzi wa A. Do ikipanda kuwa A, umbo lile lile linahamia freti ya 5. Ukilishika umbo hilo, nyimbo nyingi za kwaya unazifuata siku ya kwanza.

La pili linahitaji adabu. Mpiga kinanda aliyekuwepo kabla yako amezoea kupiga besi kwa mkono wa kushoto. Mkipiga wote, kule chini panakuwa na tope, na mtu wa kwanza kulaumiwa ni mgeni. Usimwambie mbele ya kwaya. Mfuate pembeni: "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie jambo, tugawane. Ukiniachia huku chini nitajifunza haraka, na mkono wako wa kushoto upande katikati." Muulize pia kinanda kimepandishwa ngapi. Wengi wanapiga kwa vidole vya C huku wamebonyeza kitufe cha kupandisha. Kikiwa kimepanda 3, C yake inatoka E flati, nawe unatakiwa uwe freti ya 6 ya uzi wa A. Ukifuata vidole vyake utaharibu ibada.

8. Hela na makubaliano

Bendi za huku hazivunjwi na muziki mbaya. Zinavunjwa na usiku wa harusi, saa nane, watu wamechoka na bahasha imefunguliwa kwenye giza. Andikeni makubaliano kabla ya shoo ya kwanza, kila mtu ayaone kwenye kundi la simu.

Mteja azungumze na mtu mmoja tu, na atoe nusu kabla ya siku. Gharama zitoke kwanza, kisha mfuko wa bendi, kisha mgao. Tuseme shoo ni 400,000, usafiri na jenereta 100,000. Zinabaki 300,000. Asilimia 10 iende kwenye mfuko wa nyuzi na matengenezo, zibaki 270,000. Mkiwa sita, kila mmoja 45,000. Mwenye vyombo akitaka malipo ya vyombo vyake yaingie kwenye gharama, ni haki yake, ila isemwe mapema. Tuzo za jukwaani nazo mziamue: za aliyetunzwa, au za wote? Mimi nasimama upande wa wote. Mwimbaji anatunzwa kwa sababu anaonekana, na mpiga besi na dramu wako nyuma yake wakimbeba.

Anayekosa mazoezi bila taarifa apunguziwe mgao, awe nani. Mkianza kulipwa mara kwa mara, sajilini bendi BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Zabuni za taasisi na matamasha zinadai karatasi.

9. Kusafiri na gitaa ziwani

Mkialikwa Ukerewe, gitaa lisilazwe sitahani wala karibu na joto la injini. Lisimame ndani, kichwa juu, limefungwa kwa mkanda kwenye kiti au mhimili, na juu ya begi uweke turubai jepesi kwa ajili ya mvua na maji yanayoruka. Kwenye bodaboda livae mgongoni, shingo isipite sana juu ya kichwa chako. Matawi na milango vimevunja vichwa vya magitaa mengi. Ukifika Nansio, liache ndani ya begi nusu saa lizoee hewa ya pale, ndipo ulitoe, tyuni, subiri dakika chache, na tyuni tena kabla ya wimbo wa kwanza.